Kutafuta kazi ya kwanza ya utafiti ukiwa Kigoma

Nilimaliza chuo mwaka 2017, shahada ya sayansi ya viumbe wa majini na uvuvi, wastani wa alama (GPA) 3.4. Nikarudi nyumbani Ujiji kwa treni, na begi moja na bahasha ya kaki yenye nakala kumi na mbili za vyeti. Nakala zote ziliisha ndani ya wiki mbili. Ofisi ya kwanza walizipokea kwa tabasamu. Ya pili waliniambia niache namba ya simu. Ya tatu mlinzi alizichukua mwenyewe pale getini, akazikalia kabisa, maana kiti chake kilikuwa kimebonyea. Sikupigiwa simu na yeyote.

Kazi ya utafiti ilikuja miezi kumi baadaye, nikiwa nimevaa kandambili kwenye mwalo wa Katonga, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikimsaidia mama kuanika dagaa. Leo nasimamia takwimu za mradi mmoja wa Ziwa Tanganyika, na kila msimu barua za vijana wanaoomba kazi ile ile niliyoanza nayo hupita mikononi mwangu. Msimu uliopita zilikuwa sitini na tatu kwa nafasi mbili. Nyingi zilifanana hivi kwamba ungebadilisha jina la mwombaji na hakuna ambaye angegundua. Naandika kwa ajili ya wale sitini na mmoja, na kwa wewe unayemaliza mwaka huu.

Jina la kazi

Ukiwa na shahada ya kwanza ukakaa kusubiri tangazo lenye neno "mtafiti", utazeeka. Kazi unayoitafuta huitwa mkusanya takwimu, msaidizi wa utafiti, msaidizi wa fildi, msaidizi wa maabara, mwingiza takwimu. Mara nyingi ni ya miezi mitatu, wakati mwingine wiki sita. Haina ofisi wala kiti. Ukiipata, shangazi atauliza mbele za watu: "Miaka mitatu chuo, halafu unakuja kupima dagaa kwa rula?" Mwambie ndiyo, shangazi, kwa rula, tena kwa milimita.

Milango mingine ipo, tuipitie haraka. Kufundisha chuo kikuu kama mkufunzi msaidizi kunataka GPA isiyopungua 3.8, kama uko chini ya hapo okoa nauli yako. Taasisi za serikali huajiri maafisa utafiti kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo fungua akaunti kwenye tovuti yake, Ajira Portal, leo, usingoje tangazo litoke ndiyo uanze kuhangaika na skana ya steshenari. Pakia vyeti vyenyewe, vilivyothibitishwa na mwanasheria, kwa sababu karatasi za matokeo ya muda hazikubaliwi. Barua ya maombi itie sahihi. Rafiki yangu mmoja, tena kichwa kweli kweli, aliachwa kwa kusahau sahihi. Ukiitwa, jiandae kwa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano. Ombi likishaondoka lisahau, maana majibu huchukua miezi, na miezi hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Utafiti wa hapa kwetu uko wapi

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa hapa mjini, aliniambia Kigoma hakuna utafiti, anahamia Dar. Nilitamani nimshike mkono nimpeleke Kibirizi zinakopakia boti za kwenda hifadhi ya Gombe. Sokwe wa Gombe wanaandikwa madaftarini tangu Julai 1960 alipofika mtafiti Jane Goodall, na wale wa hifadhi ya Mahale tangu 1965, Toshisada Nishida na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipoanza kuwafuata. Kuna nchi tajiri zisizo na daftari la mnyama mmoja lenye umri huo.

Na likumbuke jambo la 1975. Mwezi Mei mwaka huo waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne pale Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni hawakuweza kuendelea kukaa. Waliobaki kuamka alfajiri, kuwafuata sokwe na kuandika, walikuwa Watanzania wa vijiji vya mwambao huu, watu wasio na digrii hata moja, na takwimu ziliendelea. Mimi nikiona mwenye shahada anaona aibu kuitwa mkusanya takwimu, huwa nawafikiria wale wazee.

Haya, chukua karatasi uchore ramani ya waliopo. Ziwa lina TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, yenye kituo hapa Kigoma, na chuo cha uvuvi cha FETA kina kampasi hapa pia. Ukisoma kilimo, kuna TARI Kihinga, kituo cha michikichi cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ambacho kimesikika zaidi tangu serikali ilipoanza kampeni ya mawese mwaka 2018. Wanyama na misitu: taasisi ya Jane Goodall ina watu wake mjini, na TAWIRI ndiyo inayosimamia utafiti wa wanyamapori nchi nzima. Ukisoma afya ya jamii au takwimu, usiidharau barabara ya Kasulu na Kibondo, maana mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi hufanya tafiti za lishe na magonjwa, na huhitaji wakusanya takwimu wanaojua Kiha au Kirundi. Kiha unachokiona cha kijijini hapo ni sifa ya kuandika kwenye CV. Na kama uko radhi kupanda treni, Tabora kuna TARI Tumbi na kuna kituo cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Ramani hiyo haikupi kazi. Inakuonyesha tu mahali pa kwenda kunusa.

Soma makala kuanzia mwisho

Hili ndilo jambo ambalo sikufundishwa chuo, na ndilo lililonipa kazi. Karibu kila makala ya kisayansi, mwishoni, kabla ya orodha ya marejeo, ina sehemu fupi ya shukrani. Watu huiruka. Wewe anza nayo. Fungua Google Scholar, tovuti ya kutafutia makala za kisayansi, kwenye simu, andika jina la ziwa au hifadhi au wilaya yako pamoja na fani yako kwa Kiingereza, panga kwa mwaka, chukua makala ishirini za karibuni. Nenda mwisho wa kila moja. Utakuta mtafiti anamshukuru dereva wa boti, afisa uvuvi, fundi wa maabara, mama aliyewapikia. Hao wanaishi hapa. Wengine ni majirani zako.

Mimi niliandika majina yote. Matatu yalijirudia katika makala za waandishi tofauti. La kwanza lilikuwa la mzee mwenye boti, na haikunichukua hata nusu saa kumpata Kibirizi. Niliuliza kwenye kibanda cha chai tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda Gombe?"

"Hapana mzee. Nimeliona jina lako kwenye makala ya sayansi."

Alidhani namtania. Nilipomsomea sentensi yenye jina lake, nikiitafsiri, alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe aje asikie. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwonyesha. Baada ya hapo tulizungumza saa nzima, na katikati ya mazungumzo akasema kama mtu anayetaja bei ya mafuta: "Wageni wangu wa samaki wanakuja mwezi wa saba, watakaa mpaka wa tisa." Tangazo la kazi hiyo halikutoka popote, wakati ule wala baadaye. Angekuwa na simu ya vitufe tu, bado angekuwa ndiye chanzo bora cha ajira ya utafiti mkoa mzima.

Msimu nao una sababu zake. Kati ya Mei na Septemba mvua ni chache, barabara zinapitika, vyuo vya Ulaya na Marekani viko likizo, na upepo wa kusi unavuma. Kwa watu wa ziwa huo ndio wakati wa kuangalia maji yanavyogeuka. Kwa hiyo anayeanza kutafuta Juni amechelewa. Mipango na bajeti huandikwa mapema, na mstari wa "msaidizi wa fildi, siku tisini" huwekwa humo kabla jina la mtu halijajulikana. Kwa makisio yangu, barua inayofika Januari au Februari inamkuta mtafiti akiwa bado anakuna kichwa kwa ajili ya mstari huo.

Ukishamaliza shukrani, basi soma na makala yenyewe. Huhitaji kuelewa hesabu zote. Kwa ziwa letu, anza na mbili za mwaka 2003: ile ya Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, na ile ya Piet Verburg na wenzake katika Science. Hoja yao kwa ufupi ni kwamba maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba iliyolala chini haipandi kulisha viumbe vidogo sana vya kijani ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha dagaa. Nilipozisoma niliona mama yangu yumo ndani ya makala ingawa hakutajwa.

Faida yake niliiona siku ya kwanza kukutana na mtafiti mwenyewe. Hakuuliza GPA. Tulikuwa botini, akaonyesha maji: "Hapa kuna kina cha zaidi ya mita 1,400 sehemu nyingine. Samaki wote hao wanakaa wapi?" Nilijibu kwamba karibu wote wako juu, kwa sababu ukishuka kama mita mia moja hadi mia mbili oksijeni inakwisha, huko chini ni maji mengi yasiyo na samaki. Akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuzungumza nami kuhusu kazi. Usaili wangu wote ulikuwa huo, pamoja na daftari nitakalolieleza sasa hivi.

Barua pepe

Andika fupi. Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na uko wapi: "Ninaishi Ujiji, nina shahada ya sayansi ya uvuvi." Ya pili itaje makala yake moja na jambo moja ndani yake lililokushangaza au usilolielewa. Usimsifu, uliza swali. Ya tatu iseme unachoweza kufanya kesho asubuhi bila kufundishwa: kutofautisha dagaa na lumbu, kuendesha pikipiki ukiwa na leseni, kuogelea, kuongea Kiha, kutumia KoboCollect, programu ya kukusanyia takwimu, kwenye simu, kuandika programu ndogo kwenye R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Ya nne iseme umeanza kufanya nini tayari. Ya tano iombe jambo dogo, kwa mfano kama ana mtu wa kushughulikia takwimu msimu ujao. Basi, weka jina na namba.

Ambatanisha CV ya kurasa mbili katika PDF, na faili lipewe jina lako. Nimepokea mafaili matano yanayoitwa "CV mpya ya mwisho kabisa". Ondoa dini, hali ya ndoa na orodha ya shule za msingi. Weka utafiti wako wa mwaka wa mwisho: swali lilikuwa nini, ulichukua sampuli ngapi, ulipata nini. Katika barua zile sitini na tatu, ni tisa tu zilizoeleza tasnifu ya mwombaji kwa zaidi ya kichwa chake. Wengine wote walisema ni wachapakazi wanaoweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Sijui hilo shinikizo huwa wanaliona wapi.

Kama hakujibu, andika tena baada ya wiki mbili, mara moja tu. Niliandika kumi na nne, nikajibiwa nne, na tatu kati ya hizo nne zilisema hapana kwa upole.

Daftari lako mwenyewe

Hapa ndipo ningependa tukae.

Februari 2018, bila kutumwa na mtu, nilinunua daftari la kaunta na rula ya chuma. Kila asubuhi mitumbwi ikirudi, kabla mama hajamwaga dagaa kwenye chanja, nilichota hamsini bila kuchagua, nikawapima mmoja mmoja. Niliandika tarehe, idadi ya mitumbwi iliyorudi, urefu, aina, na kama usiku ulikuwa na mwezi. Ilinichukua dakika arobaini mwanzoni, ishirini baadaye. Kabla ya kuanza nilikwenda kwa mwenyekiti wa mwalo, kwa sababu mtu anayeandika-andika mwaloni hudhaniwa ametumwa na watu wa ushuru.

"We si binti wa Mama Zuhura?" akaniuliza.

"Ndiye mimi baba."

"Sasa dagaa hawa unawapimia shati?"

Watu walicheka, mimi nikacheka nao, na ruhusa ikapatikana. Kwa wiki mbili niliitwa "fundi cherehani". Baadaye wavuvi wenyewe wakaanza kuniletea wakubwa, "huyu mwandike". Nilikuwa nikiwaeleza kwamba siwezi kuwachagua wakubwa tu, itakuwa uongo. Mvuvi mmoja alilielewa jambo hilo haraka kuliko nilivyolielewa mimi darasani: "Ni kama kuhesabu watu wa Ujiji kwa kuangalia msikitini Ijumaa peke yake."

Ilipofika Julai nilikuwa na asubuhi mia moja na kitu. Mzee wa boti alimwambia mgeni wake kuna binti anapima dagaa Katonga. Alikuja, akakaa juu ya ndoo, akafunua kurasa moja moja kwa kimya kirefu kilichonitoa jasho. Kisha akaweka kidole: mbona wiki hii urefu umeongezeka ghafla kwa dagaa wote? Nikamwonyesha pembeni ya ukurasa nilipoandika kwamba mpaka tarehe ile nilikuwa napima hadi kwenye panda ya mkia, na kuanzia siku hiyo hadi ncha, baada ya kugundua nilikosea. Nilidhani kosa hilo limeniangusha. Kumbe ndilo alilokuwa anatafuta, kuona kama ningeliandika.

Wewe huishi mwaloni? Haidhuru. Pima mvua ya uani kwako kila saa tatu asubuhi. Fuata michikichi ishirini ya babu, andika kila mwezi vishada vingapi vimetoka na vingapi vimeiva. Mwenye takwimu na kompyuta achukue ripoti za sensa zilizo wazi azichambue wilaya kwa wilaya. Tafuta kitu kimoja, kifanye kwa namna ile ile kila siku, kwa miezi mitatu angalau. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, swali la kwanza la kila mtu lilikuwa kama dagaa wamekua, na hilo haliwezi kujibiwa na mtu asiye na vipimo vya kabla ya kufungwa. Nilifungua sanduku nikatoa madaftari yangu ya kandambili.

Mipaka pia ipo. Kupima samaki waliokwisha kuvuliwa mwaloni, kwa ruhusa ya wenyewe, ni sawa. Kuingia hifadhini kuokota sampuli, kutoa watu damu, kuuliza wagonjwa habari zao, hayo yana vibali na kamati za maadili, usiyaguse peke yako. Hata ukiajiriwa, omba kuona kibali. Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wa wanyamapori hupitia TAWIRI pia. Asiyetaka kukuonyesha, muage. Yeye atapanda ndege, wewe ndiye utakayebaki kuulizwa.

Usiku wa mbalamwezi

Sasa nieleze aibu yangu, kwa sababu kila mwaka namwona mtu akiielekea.

Mwezi wa pili wa kazi niliugua malaria. Siku tatu sikwenda mwaloni, na niliogopa kusema, nilidhani watanitoa. Siku ya nne nilikaa kitandani nikajaza fomu za siku tatu: mitumbwi kumi na miwili, kumi na minne, kumi na mmoja; urefu niliuokota kutoka wiki iliyopita nikiongeza milimita hapa na kupunguza pale. Zilionekana nzuri sana. Nikazituma.

Jioni yake bosi akaniita, akaniwekea kalenda mbele. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, karabai zamani na sasa zaidi taa za betri, kwa sababu gizani mwanga huwavuta. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na wavuvi hukaa nyumbani kushona nyavu. Mimi, mtoto wa muanika dagaa, niliandika mitumbwi kumi na minne usiku wa mwezi mpevu.

Hakupiga kelele. Alisema, "Nionyeshe nyingine ulizotunga." Nikamwambia ni hizo tatu tu, na kwamba nilikuwa naumwa. Akanipa kalamu nikapiga mstari mmoja juu ya kila namba, mstari unaoacha namba isomeke, nikaandika pembeni: sikwenda, mgonjwa. Kisha tulirudia pamoja fomu zangu zote za mwezi, moja baada ya nyingine, na ilituchukua siku mbili. Kazi sikupoteza, ila kwa wiki kadhaa alikuwa anatokea mwaloni alfajiri bila kuniambia.

Leo ninapowasaili vijana nina swali langu moja: "Siku ambayo hukuweza kwenda, fomu yake utaijazaje?" Wanaoanza kueleza namna ya kukadiria kutoka siku za jirani nawashukuru kwa kuja. Msimu uliopita binti mmoja wa Mwandiga, GPA 2.9, alijibu kwa maneno mawili, "Naiacha wazi." Alianza Jumatatu.

Fedha na mwili wako

Kujitolea kunasaidia kama kuna mwisho. Mimi nilijitolea miezi minane katika ofisi moja nisiyoitaja, nikiambiwa kila mwezi nafasi inakuja. Nilipiga chapa, nilinunua vocha kwa fedha ya mama, nilichambua takwimu ambazo baadaye niliziona kwenye ripoti yenye majina manne, langu halimo. Kwa hiyo nakwambia: mwezi mmoja, miwili ukizidi, kwa maandishi, na useme mapema unachotaka kutoka nacho, iwe ni ujuzi wa kifaa fulani au barua. Anayekudai fedha ili akupe kazi ya utafiti ni tapeli, hata akiwa na koti jeupe.

Ukipewa kazi, uliza bila haya: ni kiasi gani kwa siku, hulipwa lini, nauli na chakula viko ndani au nje, ukiugua inakuwaje. Mwaka 2018 nililipwa elfu kumi na tano kwa siku, na nikasahau kuuliza bodaboda ya Ujiji hadi Katonga ni ya nani. Ilikuwa yangu. Botini usipande bila jaketi la kuokolea, hata nahodha akiwa mjomba wako na ziwa likiwa kama kioo. Kusi likianza mchana halibishi hodi. Uwe pia tayari na kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki na namba ya mlipakodi, kwa sababu nimeona nafasi ikienda kwa mtu wa pili kwa kuwa wa kwanza alihitaji wiki tatu kufungua akaunti.

Kabla bosi hajaondoka

Kazi ya miezi mitatu huisha ghafla. Jumamosi mnakula migebuka pamoja, Jumatatu chumba kitupu. Kwa hiyo wiki mbili kabla, mkalishe chini umwombe mambo matatu. Barua ya utambulisho iliyosainiwa, yenye tarehe za kazi na kazi ulizofanya zenyewe, si "alikuwa msaidizi mzuri". Ruhusa ya kumtaja kama mdhamini, pamoja na barua pepe atakayoendelea kuisoma hata akihama chuo. Na nakala ya takwimu ulizokusanya, au walau makubaliano ya maandishi kuhusu unachoruhusiwa kuzifanyia na jina lako litakaa wapi makala ikitoka, kwenye waandishi au kwenye shukrani.

Mimi niliomba mbili za mwanzo, nikaona ya tatu itakuwa kumchosha mtu aliyekuwa tayari anafunga mabegi. Nilipotaka kuzitumia takwimu hizo kuombea nafasi ya shahada ya uzamili, ilinichukua barua pepe tisa na miezi minne kuzipata, na dirisha la maombi la mwaka ule lilikuwa limeshafungwa siku kumi na moja kabla.